Kirpani ni Kiapo

Yapo mabishano yanayovuka bahari pamoja na watu. Katika miji ya ugenini walikohamia Masingasinga, tangu London hata Vancouver, na katika miji yetu ya ziwani walikofika tangu zama za reli, swali moja halijatulia: kisu cha dini wanachokivaa kiunoni, nacho huitwa kirpani, ni cha nini leo? Wengine wao, hasa vijana, hujibu kwamba ni cha kujihami. Wasema mitaa imeharibika, wezi wamezidi, mgeni hana mtetezi. Basi ni bahati njema kwamba dini imewapa kile ambacho sheria huwanyima watu wengine. Upande wa pili wamesimama watu wasio wa dini hiyo, nao husema: kisu ni kisu, na Singasinga apigwe marufuku kama apigwavyo mhuni. Makala haya yanapinga pande zote mbili. Twashikilia kwamba kirpani ni kiapo kilichotiwa katika chuma. Kwamba dola imepaswa kuilinda kwa sababu hiyo. Na kwamba mwenye kuitetea kama silaha ya kujihami huivunjia heshima, na huipa sheria sababu ya kuinyang'anya.

Kwanza tuwajue wenyewe. Sisi tumewaita Makalasinga au Masingasinga, kwa ajili ya jina Singh ambalo wanaume wao hulichukua, na maana yake ni simba. Wao hujiita Sikh, na maana yake ni mwanafunzi. Mwaka 1699, katika mji wa Anandpur nchini Punjab, mwalimu wao wa kumi, Guru Gobind Singh, aliunda jamii ya walioapa iitwayo Khalsa. Alama tano zimefungamana na kiapo hicho: nywele zisizokatwa, kitana, bangili ya chuma, suruali fupi ya ndani, na kirpani. Wanaume kwa wanawake huzivaa. Hata jina la kisu chenyewe wenyewe hulifafanua kwa maneno mawili, la kwanza rehema na la pili heshima. Aliyeapa hana ruhusa ya kukiweka kabatini siku za kazi na kukivaa sikukuu; huenda nacho shambani, karakanani na sokoni.

Watu hawa si wageni wa jana katika pwani ya Nyanza. Reli iliyotoka Mombasa ilifika Kisumu mwezi wa Desemba 1901, nayo ilijengwa na vibarua na mafundi wapatao 32,000 walioletwa kutoka Bara Hindi. Kiasi cha 2,500 katika hao walikufa kazini. Masingasinga walikuwa miongoni mwao. Baadaye meli za mvuke ziliunganisha Kisumu na Entebbe, Bukoba na Mwanza, na mwaka 1928 reli ya kutoka Tabora nayo ikafika Mwanza. Kwa njia hizo wakaja maseremala, waashi, makanika na wahunzi, maana wengi wa Masingasinga wa Afrika Mashariki walitoka katika koo za mafundi. Nao walikuta watu wanaokijua chuma. Huko Katuruka, karibu na Bukoba, wachimbuzi wa mambo ya kale wameonyesha kwamba chuma kiliyeyushwa zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita; na upande wa Geita, Warongo walikuwa mabingwa wa kuyeyusha chuma na kufua majembe. Basi mtu asije akasema kwamba watu wa ziwa hili hawana akili ya kutofautisha chuma cha kazi, chuma cha heshima na chuma cha uovu. Tofauti hiyo twaijua toka kale.

Twende sasa kwa wale wasemao kisu ni kisu. Hoja yao ina sura ya usawa, lakini haina usawa ndani yake. Mwaloni Kirumba, jijini Mwanza, visu vya kupasulia samaki ni virefu kuliko kirpani nyingi. Panga halikosekani katika nyumba ya mkulima yeyote wa Usukuma. Mlinzi wa Kimasai hukaa mlangoni mwa duka na sime yake, na mwenye duka hulala usingizi kwa sababu hiyo. Ng'ambo ya bahari, Waomani wameweka jambia katika bendera ya taifa lao, na kuivaa ni adabu ya mtu mzima. Katika vitu vyote hivi sheria haikiulizi chuma urefu wake tu. Humwuliza mtu anakichukua kwa nia gani na kwa namna gani. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania humwadhibu mtu aendaye hadharani na silaha bila sababu halali, kwa namna ya kuwatia watu hofu. Kirpani iliyomo alani, chini ya nguo, imemtia nani hofu? Katiba yetu, katika ibara ya 19, imempa kila mtu uhuru wa dini. Uhuru huo haukuandikwa kwa ajili ya dini zenye watu wengi peke yake. Hao hawahitaji sana karatasi ya kuwalinda.

Mahakama Kuu ya Kanada ilipimiwa jambo hili hili. Mwanafunzi mmoja wa Montreal alikatazwa kwenda shule na kirpani yake, na mwaka 2006 majaji waliamua kwamba katazo lile lilivunja uhuru wake wa dini. Walikubali masharti: kisu kiwe alani, kishonewe, kivaliwe chini ya nguo. Waliona pia kwamba hapakuonyeshwa tukio hata moja la fujo lililoletwa na kirpani katika shule za nchi ile, ilhali mikasi na magongo ya michezo yamejaa darasani na viwanjani. Katiba ya India, tangu 1950, yaitaja kirpani kwa jina lake kuwa ni sehemu ya kushika dini ya Sikh. Sheria ya Uingereza ya 1988, inayokataza visu hadharani, imemwachilia mwenye kukichukua kwa sababu za dini. Nchi hizi tatu hazipendi visu kuliko sisi. Zimetambua tu kwamba kumwambia mtoto achague baina ya kiapo na shule ni dhuluma, wala dhuluma hiyo haimkingi mtu yeyote.

Hapa ndipo twawageukia watetezi wenyewe, maana kesi iliyokwisha kushindwa na maadui hupotezwa mara nyingi na marafiki. Kijana asemapo, "Naivaa kwa sababu ya wezi," amelitoka jengo zima tulilolieleza. Sheria ilimpa nafasi kwa sababu za dini. Yeye ameitupa sababu ya dini na kushika sababu ya kila mtu. Mwendesha mashitaka hana haja ya kutafuta shahidi tena: mshitakiwa mwenyewe amekiri kwamba anatembea na silaha. Tena jirani yake Msukuma, Mhaya au Mjaluo atauliza kwa haki: wezi hawa wanakuja kwako peke yako? Kama kisu ni dawa ya wezi, mbona wewe unayo dawa na mimi nimekatazwa? Swali hilo halina jibu. Haki ya kujikinga ni ya watu wote. Kifungu cha 18 cha Kanuni ya Adhabu hakikubagua kilemba na kofia. Mtu akishambuliwa aweza kujitetea kwa nguvu isiyozidi kiasi, awe na kirpani au asiwe nayo. Kwa hiyo kirpani haikumwongezea Singasinga haki yoyote ya kupigana. Kilichoongezeka juu yake ni wajibu.

Watatujibu kwamba kirpani si pambo, na kwamba ilizaliwa katika mateso. Ni kweli, na hatutaki kuifanya kuwa kidani cha shingoni. Walimu wao walifundisha kwamba upanga waweza kuchomolewa kwa haki pale njia nyingine zote zilipokwisha kushindwa. Lakini yatazameni masharti yenyewe. Njia zote ziwe zimeshindwa. Na aliyeuzoea upanga kwa kila kishindo cha usiku hajajaribu hata njia moja. Kisha tuulize upanga huo ni wa kumlinda nani. Mwaka 1675 mwalimu wao wa tisa, Guru Tegh Bahadur, aliuawa mjini Delhi. Mapokeo yao husema kwamba alikubali kufa kwa kutetea haki ya Wahindu wa Kashmir kushika dini yao, dini ambayo hakuwa yeye mfuasi wake. Mwanawe ndiye aliyeunda Khalsa. Basi kiapo hiki kilizaliwa katika nyumba ya mtu aliyekufa kwa ajili ya jirani wa dini nyingine. Mwenye kukigeuza kuwa ulinzi wa mfuko wake na mlango wake amekipunguza hata kikawa sawa na kufuli.

Nasi wa ukanda wa ziwa tumejifunza kwa gharama kubwa yanayotokea watu wanapojitwalia ulinzi kwa chuma na kiapo pamoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wizi wa ng'ombe uliwaelemea Wasukuma na Wanyamwezi, na polisi walikuwa mbali. Wanavijiji wakaunda Sungusungu: pinde na mishale, filimbi za kuitana usiku, na kiapo. Hatuwezi kuwabeza, wezi walipungua, na ng'ombe walilala zizini. Chama na serikali viliwaunga mkono, na mwaka 1989 Bunge likawapa nafasi katika sheria za mgambo. Lakini tusinyamazie upande wa pili. Palikuwa na watuhumiwa waliopigwa na kuuawa pasipo hakimu, na vikongwe waliofukuzwa vijijini kwa tuhuma za uchawi. Baadhi ya walinzi walisimama mahakamani kujibu mashitaka ya mauaji. Wengi wao walianza na nia njema. Walichokosa ni mtu wa nje ya kundi lao wa kuwaambia, "Hapa mmezidi." Kundi lenye silaha, lenye kiapo, na lenye hofu moja, hujifanya kuwa shahidi, hakimu na askari kwa wakati mmoja. Je, kijana wa Kisingasinga ataka kuianza njia ambayo majirani zake wameijua miiba yake?

Wala historia haiungi mkono tumaini lake. Mwezi wa Agosti 1972 Idi Amin aliwaamuru Waasia watoke Uganda katika siku tisini. Masingasinga walikuwamo, na kirpani zao viunoni. Chuma kile hakikuwapa hata siku ya tisini na moja. Agosti 1982, jaribio la mapinduzi liliposhindwa Nairobi, maduka ya Waasia yaliporwa. Na baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007 maduka mengi ya Kisumu yaliporwa na kuchomwa moto. Hakuna kisu cha shibiri moja kinachozuia umati, na kisu kilichochomolewa mbele ya umati huwa hukumu ya kifo kwa aliyekichomoa. Jamii ndogo hulindwa na mambo mawili: sheria isiyowabagua, na majirani watakaosema, "Hawa ni wetu." La kwanza hudaiwa serikalini mchana kweupe. La pili hujengwa kwa miaka mingi, na hubomoka kwa siku moja ya kiburi.

Methali yetu yasema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Lakini Masingasinga wenyewe wamethibitisha kinyume chake. Katika hekalu lao la Makindu, kando ya reli ileile, msafiri yeyote hukaribishwa chakula pasipo kuulizwa dini yake wala kudaiwa senti. Mwenye kisu ndiye anayepakua, na mgeni ndiye alaye. Na Makhan Singh, aliyezaliwa Punjab katika jamii hiyo na kukulia Nairobi, aliunda chama cha wafanyakazi mwaka 1935, akadai uhuru kamili hadharani mwaka 1950, akafungwa pasipo uhuru wake hadi 1961. Hakumkata mtu kwa chuma. Serikali ya kikoloni ilimwogopa kuliko ilivyoziogopa kirpani zote za Nairobi, kwa sababu alisimama upande wa watu wote. Huo ndio ulinzi wa mnyonge tunaoujua sisi.

Basi tunasema haya. Kwa wenye mamlaka: aliyeapa aachwe avae kirpani yake, alani na chini ya nguo, shuleni ishonewe, katika ndege iwekwe kwenye mizigo kama visu vyote. Akiichomoa katika ugomvi, ahukumiwe kama mchomoa panga yeyote, asiongezewe wala asipunguziwe kwa sababu ya kilemba. Kwa wazee wa jamii: waelezeni majirani kwa Kiswahili maana ya kile mnachokivaa, maana jambo lisiloelezwa huvikwa maelezo na adui. Tena wakatazeni vijana wenu kuiita silaha. Wakiwa na hofu ya wezi, na waende wakae na kamati za ulinzi za mitaa yao pamoja na watu wengine, walipe mchango uleule na walinde zamu ileile. Na kwa wanafunzi wa vyuo vyetu: acheni kulitumia jina Kalasinga kwa mzaha kana kwamba ni jina la kichekesho. Watu walioishi nasi tangu reli ilipofika ziwani wanastahili swali la adabu, na swali lenyewe ni jepesi: ndugu, uliapa nini? Atakayelijibu vizuri hatakuwa na haja ya kutuonyesha makali.