Samaki wa Kundi Wauzwe kwa Kundi

Katika maduka mengi ya samaki wa mapambo, mteja huchagua apendavyo: wawili wa rangi hii, wawili wa rangi ile, mmoja mwenye mkia mrefu. Muuzaji huwachota kwa kinyavu, akawatia kwenye mfuko wa plastiki, na biashara imekwisha. Mara nyingi ndani ya mfuko huo huwamo neoni tetra, samaki wa sentimita 3 hivi mwenye mstari wa buluu ubavuni na wekundu nyuma. Kumnunua wawiliwawili ni kumtesa, na muuzaji anayeijua kazi yake hana budi kukataa.

Neoni alipewa jina la kisayansi mwaka 1936 na Mmarekani George Myers. Kwao ni vijito vya msitu wa Amazon, ambako maji hugeuka rangi ya chai kwa majani yanayooza. Maadui ni wengi na yeye hana mwiba wala sumu. Kinga yake ni wingi. Kundi linapogeuka kwa pamoja, anayewawinda hushindwa kumlenga mmoja. Samaki hao hufuatana kwa macho, tena huhisi mawimbi madogo ya maji kwa viungo vilivyojipanga ubavuni mwao. Tabia hii haifutiki hata kama samaki amezaliwa kwa mfugaji, kama walivyo neoni wengi wanaouzwa leo.

Mwaka 2010 watafiti nchini Uingereza walichapisha matokeo ya kuwaweka neoni na aina nyingine tatu peke yao, wawiliwawili, watanowatano na kumikumi. Neoni waliokuwa katika kundi kubwa walikaa pamoja zaidi na kukurupuka kidogo. Wafugaji wazoefu huliona hilo kwa macho. Neoni wachache hujibanza nyuma ya jiwe, rangi zikiwa zimefifia. Wakifika kumi, hutoka na kuogelea katikati ya tangi.

Rangi nayo ina habari zake. Usiku neoni hupauka, mstari wa buluu ukawa wa zambarau hafifu; taa ikiwashwa asubuhi, huchukua muda kidogo kurudisha mng'ao. Mgeni asiyejua hudhani anaumwa. Lakini akibaki amepauka mchana kutwa, hapo kuna tatizo, na mara nyingi ni hofu au maji mabaya.

Wapo watakaosema kumi ni wengi kwa nyumba ya kawaida. Si kweli. Tangi la urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 35 hubeba lita 63 likijaa, na linawatosha. Uchafu wa neoni kumi ni mdogo kuliko wa samaki mmoja wa dhahabu aliyekomaa. Kosa ni kutaka aina tano katika tangi moja, kila aina wawili, kama safina ya Nuhu. Aina moja iliyokamilika hupendeza zaidi, na kuitunza ni rahisi.

Kinachoua samaki wengi wa nyumbani ni haraka. Amonia inayotokana na kinyesi na chakula kilichobaki ni sumu. Bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati isiyo kali, huhitaji wiki 4 hadi 6 kuongezeka ndani ya chujio. Tangi jipya liendeshwe muda huo bila samaki, likitiwa chembe za chakula ili bakteria wapate amonia ya kula. Maji ya bomba yatolewe klorini kwanza. Umeme ukikatika kwa saa nyingi, chujio husimama na bakteria hao huanza kufa kwa kukosa oksijeni, kwa hiyo pampu ndogo ya hewa ya betri si anasa katika miji yetu. Dar es Salaam joto la chumba mara nyingi linatosha. Nairobi mwezi Julai, kipasha joto ni lazima.

Na asiyetaka samaki wa mbali anao wa nyumbani. Ziwa Tanganyika lina Cyprichromis leptosoma, samaki mwembamba wa kundi, ambaye jike lake huatamia mayai mdomoni. Huyu anataka tangi refu zaidi na maji magumu yenye pH ya karibu 9, kinyume kabisa na maji laini ya neoni. Wasichanganywe kamwe.

Dawa ya haya yote imo mikononi mwa wauzaji. Waandike kwenye kioo cha kila tangi idadi ya chini inayouzwa, wapange bei ya kumi iliyo nafuu kuliko ya mmojammoja, na mteja anayetaka neoni wawili kwa ajili ya bakuli la mezani aambiwe wazi kwamba hawauzwi hivyo.