UCHAMBUZI: Helmeti na jaketi zakaguliwa, breki za bodaboda zasahauliwa

MJI wa Busia una haki ya kujivunia jina ambalo leo hutamkwa kote Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1960, waendeshaji baiskeli katika mpaka wa Kenya na Uganda walianza kuwabeba abiria na mizigo katika kipande cha ardhi kilichotenganisha vituo viwili vya forodha. Wito wao wa kunadi safari ya kutoka mpaka hadi mpaka, waliouchukua kutoka Kiingereza, uligeuzwa na ndimi za wenyeji kuwa bodaboda.

Baiskeli zile zilisimamishwa kwa fimbo za chuma. Mwendeshaji alikaza kishikio, fimbo ikavuta, kipande cha mpira kikabana ukingo wa gurudumu. Fimbo ikilegea, jicho liliona. Mpira ukiisha, sikio lilisikia chuma kikikwaruza chuma. Hakuna aliyehitaji kwenda chuoni ili kujua kwamba chombo chake hakisimami.

Baadaye zikaja pikipiki. Kati ya 2007 na 2008, serikali ya Kenya iliondoa kodi iliyokuwa ikitozwa pikipiki zenye injini isiyofikia sentimita za ujazo 250, na katika muda mfupi baiskeli za abiria zilianza kutoweka katika barabara za Busia, Malaba na miji mingine ya magharibi. Nyingi ya pikipiki hizo zilikuwa, na bado ni, za breki za drumu zinazovutwa kwa waya mbele na kwa fimbo nyuma. Kwa fundi aliyezoea baiskeli, huo haukuwa ugeni mkubwa.

Hata hivyo, miongoni mwazo ziliingia pia pikipiki, hasa za injini ya 125 na 150, zenye diski kwenye gurudumu la mbele. Hapo ndipo mambo yalipobadilika pasipo wengi kutambua. Diski haivutwi kwa waya. Husimamishwa kwa mafuta yaliyofungiwa ndani ya bomba, na hitilafu yake haionekani kwa macho.

Kanuni yenyewe ni ile iliyoelezwa na Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17: shinikizo linalotiwa kwenye kimiminiko kilichofungiwa husambaa sawasawa pande zote. Mwendeshaji anapokaza kishikio, pistoni ndogo iliyo kwenye usukani husukuma mafuta, nayo husukuma pistoni kubwa zaidi kule kwenye gurudumu, na pedi zikaibana diski. Mafuta hayakubali kushindiliwa, na kwa sababu hiyo nguvu ya vidole hufika yote.

Hewa, kinyume chake, hushindilika. Kiputo kimoja kikijipenyeza ndani ya bomba, kishikio hulainika kama sifongo. Mwendeshaji anakaza, hewa inabanwa, gurudumu linaendelea kuzunguka. Kuitoa hewa hiyo ndiko mafundi wa jua kali huita kublidi, na ndiyo kazi inayofanyika kila juma nyuma ya nyumba, chini ya miembe na kwenye vibanda vya kando ya barabara katika wadi ya Burumba na vitongoji jirani.

Si kosa kuifanya nyumbani. Hilo lafaa kusemwa mapema, maana kuna wanaodhani kwamba suluhisho la kila tatizo la bodaboda ni kumzuia mtu asiguse chombo chake. Kazi yenyewe huhitaji spana ndogo, mara nyingi namba 8, mpira mwembamba wa plastiki angavu, chupa tupu na mafuta mapya ya breki. Kinachohitajika zaidi ni kujua utaratibu, na utaratibu huo haufundishwi kwa wengi wanaoufanya.

Usukani hugeuzwa hadi kikopo cha mafuta kikae sawa, kifuniko kikapanguswa vumbi kabla ya kufunguliwa. Mpira huvikwa kwenye skrubu ya kutolea hewa iliyo kwenye kalipa, ncha ya pili ikazamishwa ndani ya mafuta kidogo kwenye chupa ili hewa isirudi ilikotoka. Kishikio hukazwa taratibu mara kadhaa, kisha kikashikiliwa. Skrubu hufunguliwa robo mzunguko, mafuta na viputo vikatoka, na skrubu ikafungwa kabla ya kishikio kuachiliwa.

Mpangilio huo wa mwisho ndio hukosewa sana. Kishikio kikiachiliwa skrubu ikiwa wazi, bomba hufyonza hewa upya na kazi yote huwa bure. Vivyo hivyo kikopo kikiachwa kikauke katikati ya shughuli. Fundi mwangalifu hukitazama kila baada ya kukaza mara tatu au nne na kuongeza mafuta, akiendelea hadi yanayotoka yawe safi yasiyo na kiputo na kishikio kiwe kigumu. Viputo vidogo vinavyong'ang'ania huweza kuondolewa kwa kukifunga kishikio kwenye usukani kwa ukanda wa tiubu kuukuu usiku kucha. Asubuhi vingi huwa vimepanda na kutokea kwenye kikopo.

Kikilainika tena baada ya siku chache, basi kuna mahali panapovuja au mipira ya ndani imekwisha, na kutoa hewa mara kumi hakutasaidia.

Hatari kubwa zaidi imo ndani ya chupa ya mafuta. Mafuta ya breki ya aina ya DOT 3 na DOT 4, ambayo ndiyo hutumika kwenye pikipiki nyingi, yana tabia ya kuvuta unyevu kutoka hewani. Kwa mujibu wa viwango vinavyotambuliwa kimataifa, DOT 3 mpya haipaswi kuchemka kabla ya nyuzijoto 205, lakini ikishavuta maji kiwango hicho cha chini hushuka hadi 140. DOT 4 huanzia 230 na kushuka hadi 155. Mafuta yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hushindilika sawa na hewa.

Kwa kweli, nyanda za Busia si mahali ambapo breki huchemka kwa urahisi. Anayepaswa kuhofia zaidi ni yule anayetoka Malaba akiwa na gunia na abiria kuelekea miteremko ya Mlima Elgon. Lakini katika eneo lenye mvua nyingi na lisilo mbali na Ziwa Victoria, maji yale yale hufanya uharibifu mwingine wa polepole: hutia kutu ndani ya silinda na kukwamisha pistoni. Chupa iliyofunguliwa na kukaa rafuni kwa miezi, ikigawiwa wateja kwa sirinji, huwa imeshavuta unyevu kabla hata ya kuingia kwenye pikipiki.

Lipo pia kosa ambalo matokeo yake huwa ya hakika. Mafuta ya breki yakikosekana, wapo wanaotia mafuta ya injini kwa hoja kwamba mafuta ni mafuta. Mipira iliyo ndani ya breki hizi hutengenezwa kwa aina inayostahimili DOT 3 na DOT 4, wala haistahimili mafuta yatokanayo na petroli. Huvimba na kulegea. Kwa siku chache breki huonekana imepona, kisha pistoni hukwama au mafuta huanza kuvuja, na kila kipande cha mpira ndani ya mfumo hulazimika kubadilishwa. Aina sahihi huandikwa kwenye kifuniko cha kikopo, ila baada ya miaka kadhaa ya jua na vumbi maandishi hayo huwa yamefutika.

Klachi haihitaji maneno mengi. Pikipiki karibu zote za bodaboda zina klachi ya waya. Ya mafuta hupatikana kwenye baadhi ya pikipiki kubwa, na dalili za hewa ndani yake ni gia zinazosaga na pikipiki inayotaka kwenda mbele hata klachi ikiwa imekazwa. Hutolewa hewa kwa njia ile ile, isipokuwa chache hutumia mafuta ya madini ambayo kamwe hayachanganywi na DOT.

Kwa nini basi waendeshaji wengi hukaa na breki mbovu kwa muda mrefu bila kulalamika? Jibu moja ni kwamba hawaitumii. Imani imeenea vijiweni kwamba breki ya mbele humpindua mtu, na kijana anayejifunza kwa rafiki yake jioni moja uwanjani huambiwa akanyage ya nyuma tu. Imani hiyo haikuzuka hivi hivi. Kwenye matope au mchanga, kuikaza ghafla breki ya mbele huangusha. Ila kwenye lami kavu, uzito wa chombo husogea mbele kinapopunguza mwendo, na gurudumu la mbele ndilo lenye uwezo mkubwa zaidi wa kukisimamisha.

Hesabu yake si ngumu. Pikipiki inayokwenda kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kila sekunde. Breki zote mbili zikifanya kazi vyema kwenye lami kavu, zinaweza kuisimamisha ndani ya takriban mita 14 tangu zishike. Nguvu ya kusimamisha ikipungua kwa nusu, jambo la kawaida breki ya nyuma inapoachwa peke yake, umbali huo huwa mara mbili, yaani mita 28. Kwa mwendeshaji anayejipenyeza kati ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka, na mbele yake likafunguliwa ghafla mlango wa dereva, tofauti ya mita 14 ndiyo inayoamua kama atafika steji au hospitali.

Takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama Barabarani (NTSA) kwa miaka kadhaa sasa zimeonyesha kwamba waendao kwa miguu na watumiaji wa pikipiki ndio wanaokufa kwa wingi zaidi barabarani nchini Kenya. Je, sheria inatazama nini?

Kifungu cha 103B cha Sheria ya Trafiki, kilichoongezwa na marekebisho ya 2012, kinamtaka mwendeshaji avae helmeti na jaketi ya kuakisi mwanga, na abebe abiria mmoja tu. Leseni ya daraja la A3 iliwekwa mahsusi kwa pikipiki za abiria na mizigo. Yote hayo yanafaa, na yote yanaonekana kwa afisa aliyesimama kando ya barabara. Sheria hiyo hiyo hukataza kuendesha chombo kibovu, lakini ni nadra bodaboda kusimamishwa ili kishikio chake kikazwe na kupimwa. Kazi hiyo haichukui hata sekunde kumi.

Mijadala ya kitaifa nayo imeenda njia hiyo hiyo. Machi 2022, baada ya waendeshaji kumdhulumu mwanamke aliyekuwa kwenye gari jijini Nairobi, serikali ilianzisha msako mkali na kutangaza usajili upya. Mswada wa Seneti wa 2023 kuhusu udhibiti wa uchukuzi wa pikipiki ulipendekeza usajili na mafunzo chini ya kaunti, ukapingwa vikali na waendeshaji waliohofia kutwikwa gharama. Pande zote zilizungumzia nidhamu, ada na stakabadhi. Hali ya vyombo vyenyewe haikupewa uzito.

Kiini cha suala ni nani anayelipa. Waendeshaji wengi si wamiliki. Wapo wanaompelekea mwenye pikipiki kiasi fulani kila jioni, na wapo walio kwenye mkataba wa kulipa hadi chombo kiwe chao. Makubaliano hayo, mengi yakiwa ya mdomo, husema wazi kuhusu fedha za siku na kunyamaza kuhusu pedi na mafuta ya breki. Mwendeshaji huona kwamba anatengeneza mali ya mwingine. Mwenye mali huona kwamba aliyeiharibu ndiye aitengeneze. Injini ikifa hela hukatika, kwa hivyo injini hutengenezwa siku hiyo hiyo. Breki ya mbele ikifa hela huendelea kuingia, hivyo husubiri.

Chupa ndogo ya mafuta ya breki kwa kawaida haigharimu hata malipo ya siku moja kwa mwenye pikipiki. Vyama vya waendeshaji katika steji nyingi tayari huchanga fedha za matibabu na mazishi. Vyama hivyo hivyo vingeweza kununua chupa zilizofungwa, mpira wa plastiki na spana, na kumlipa fundi mmoja mwenye cheti cha mtihani wa NITA awafundishe wanachama kwa siku moja. Kaunti ingeweza kugharamia siku hiyo bila mswada wowote.

Kwingineko, mabadiliko yamefanywa kiwandani. India, ambako hutoka sehemu kubwa ya pikipiki za bodaboda, iliamuru kuanzia Aprili 2019 kwamba pikipiki zote mpya zinazouzwa humo zenye injini inayozidi 125 ziwe na mfumo wa kuzuia magurudumu kujifunga, na zilizo ndogo ziwe angalau na breki zinazoshika mbele na nyuma kwa pamoja. Zinazotengenezwa kwa masoko ya nje hazibanwi na amri hiyo.

Wakati huo huo, pikipiki za umeme zinaongezeka. Rais William Ruto alizindua mpango wake jijini Mombasa Septemba 2023, na baadhi ya zile ambazo zimeingia nchini zina diski mbele na nyuma. Hazina klachi, hazitaki mafuta ya injini, na muuzaji huzisifu kwa hilo. Kikopo cha mafuta ya breki, hata hivyo, kiko pale pale kwenye usukani, na zenye diski mbili zina bomba la pili ambalo siku moja litaingia hewa.