Udongo mweusi wa Sudan Kusini: kwa nini Juba yapaswa kuujua kabla ya kuchimba, kujenga au kulima

Kila mwaka mvua zinaposhika kasi nchini Sudan Kusini, habari zinazofika Juba kutoka majimbo ya kaskazini mwa mji huo hufanana: malori yaliyonasa njiani, viwanja vya ndege vya udongo visivyotua ndege, matuta yanayovuja na vijiji vilivyozingirwa na maji. Lawama huelekezwa kwa mvua na kwa Mto Nile. Lakini kuna mhusika wa tatu ambaye hatajwi sana, naye ni udongo wenyewe.

Sehemu kubwa ya nyanda za Jonglei, Unity na Upper Nile imefunikwa na udongo mweusi wa mfinyanzi. Ukipata maji huvimba na kuteleza. Ukikauka husinyaa na kupasuka. Wahandisi wa Afrika Mashariki huuita udongo mweusi wa pamba, na wanasayansi huuita vertisoli. Mustakabali wa barabara, kinga za mafuriko na mashamba ya nchi hiyo unategemea kwa kiasi kikubwa namna udongo huo unavyofahamika. Hadi leo unafahamika kwa sehemu tu.

Jiografia yenyewe inaeleza mengi. Kusini na magharibi mwa Juba ardhi huinuka, na juu ya miamba mikongwe kuna udongo mwekundu wenye kokoto za chuma, ule ambao wajenzi huuita moramu. Ukielekea kaskazini, ardhi hushuka polepole na kuwa tambarare. Juba na Malakal ziko mbali kwa zaidi ya kilomita 500, lakini tofauti ya mwinuko wa mto kati ya miji hiyo miwili haifiki mita 100. Katika tambarare ya namna hiyo maji hayana haraka ya kwenda popote. Kwa maelfu ya miaka yametua na kuacha chembe laini kabisa za udongo, na chembe hizo ndizo zilizojenga mfinyanzi mweusi.

Siri ya udongo huo imo katika madini yake. Mfinyanzi wa aina ya smektaiti umeundwa kwa matabaka membamba mno yanayoruhusu maji kupenya katikati yake na kuyasukuma yaachane. Wakati wa kiangazi maji hutoka, matabaka hukaribiana, na ardhi hupasuka nyufa ambazo mtu anaweza kutumbukiza mkono mzima. Mvua za kwanza huingia kwa wingi kupitia nyufa hizo. Zikishaziba, uso wa ardhi huwa kama sakafu isiyopitisha maji, na kutoka hapo mvua inayonyesha hubaki juu. Ikikosa mteremko wa kuiondoa, itaondoka kwa kukauka na jua pekee.

Hapo ndipo maafa ya miaka ya karibuni yanapoeleweka vizuri zaidi. Tangu mwaka 2019 Sudan Kusini imepata mafuriko makubwa mwaka baada ya mwaka. Mvua nyingi nchini humo zilikutana na maji yaliyoshuka kutoka Ziwa Victoria, ambalo kina chake kilipanda sana mwaka 2020. Katika mji wa Bentiu, jimbo la Unity, maji hayakuondoka kiangazi kilipofika kama wakazi walivyozoea. Mji huo na kambi za waliokimbia makazi yao vikawa kama kisiwa, vikilindwa na matuta ya udongo yanayohitaji kukaguliwa na kuzibwa usiku na mchana. Malisho yalizama, ng'ombe wakafa, na watu waliokuwa wakijitegemea kwa maziwa na mtama wakaanza kusubiri chakula cha msaada.

Tuta la Bentiu lina fumbo lake. Mfinyanzi ukiwa na unyevu huzuia maji vizuri, na kwa sababu hiyo hufaa kujengea kinga. Lakini tuta hilohilo likikaushwa na jua la Januari na Februari hupasuka, na nyufa zake huwa njia ya maji msimu unaofuata. Ili kujua ni kiasi gani cha mfinyanzi kinafaa, ushindiliwe ukiwa na unyevu kiasi gani, na uchanganywe na nini, lazima udongo wa mahali hapo upimwe.

Kazi ya kuutambua udongo hupitia njia tatu zinazokamilishana. Ya kwanza ni uchunguzi wa ardhini. Wataalamu huchimba shimo la kina cha mita moja na nusu au zaidi, kisha huandika kinachoonekana katika kila tabaka: rangi, umbo la mabonge, upana wa nyufa, mizizi na chembe za chokaa. Katika udongo mweusi hutafuta nyuso zinazong'aa kama zilizopigwa msasa, alama ya mabonge yaliyosuguana wakati wa kuvimba na kusinyaa. Kwa mujibu wa mfumo wa kimataifa wa kuainisha udongo, vertisoli inapaswa kuwa na angalau asilimia 30 ya mfinyanzi, pamoja na nyufa na nyuso hizo.

Uchunguzi wa namna hii una historia ndefu katika eneo hili. Katika miaka ya 1930, mwanasayansi Geoffrey Milne, aliyekuwa katika kituo cha Amani nchini Tanganyika, alionyesha kwamba aina za udongo hufuatana kwa mpangilio kutoka kilimani hadi bondeni, kama pete za mkufu. Juu huwa mwekundu au wa kichanga, na chini kabisa huwa mweusi wa mbugani. Wakulima wa Usukuma walikuwa wakilijua jambo hilo kabla yake, na walikuwa na jina kwa kila aina. Wafugaji wa Kidinka na Kinuer nao hutofautisha nyanda za malisho zinazofurika kwa msimu na miinuko midogo inayobaki mikavu, na kwa vizazi vingi makazi yao na mienendo ya mifugo yao vimefuata tofauti hiyo. Mpimaji mwenye busara huanza kwa kuwauliza wenyeji kabla ya kushika koleo.

Njia ya pili ni maabara. Huko hupimwa uwiano wa mchanga, vumbi laini na mfinyanzi. Uchachu, chumvi na uwezo wa udongo kushika virutubisho. Na kiasi cha maji kinachoufanya uache kuwa mgumu na kuanza kutiririka kama uji. Kipimo kimoja muhimu hulinganisha urefu wa kipande cha udongo kikiwa na unyevu na urefu wake kikiwa kikavu. Tofauti ikifika asilimia 6, mhandisi anajua kwamba sakafu na kuta zitakazojengwa juu yake ziko hatarini. Kwa mkulima, majibu ya maabara hueleza kitendawili kingine: udongo huu una utajiri wa kalisi na magnesi, lakini mara nyingi ni maskini wa naitrojeni na fosforasi. Weusi wake hauna maana kwamba umejaa mboji.

Njia ya tatu ni takwimu za hali ya hewa. Udongo mweusi hauwi ulivyo bila kupokezana kwa mvua na kiangazi. Juba hupata wastani wa karibu milimita 950 za mvua kwa mwaka, nyingi zikinyesha kati ya Aprili na Oktoba, kisha hufuata miezi ya ukavu mkali. Kadiri mtu anavyoelekea Renk, kaskazini ya mbali, mvua hupungua na kiangazi hurefuka. Ili kukadiria udongo utakaa na unyevu siku ngapi, au maji yatasimama kwa muda gani, mtaalamu anahitaji rekodi za miongo kadhaa za mvua, joto na uvukizaji kutoka mahali husika.

Rekodi hizo ndizo zilizovurugwa na vita. Baada ya mapigano kuanza upya mwaka 1983, vituo vingi vya hali ya hewa kusini mwa Sudan vilinyamaza. Chuo Kikuu cha Juba, kilichoanzishwa miaka ya 1970 ili kuwa chimbuko la wataalamu wa eneo hilo, kililazimika kuhamia Khartoum na kikarejea nyumbani karibu na wakati wa uhuru. Leo makadirio mengi ya mvua hutegemea setilaiti, ambazo zinahitaji vipimo vya ardhini ili kusahihishwa.

Hali ya taarifa za udongo ni tete vilevile. Wakati wa Sudan moja, kitovu cha upimaji wa udongo kilikuwa Wad Medani, katika jimbo la Gezira. Nchi ilipogawanyika Julai 2011, kitovu hicho kikabaki upande wa pili wa mpaka. Desemba 2023 vita vya Sudan viliufikia mji huo, ukatekwa na kikosi cha RSF, na jeshi la Sudan likaukomboa Januari 2025. Kwa Juba, funzo ni kwamba taifa lisilo na kumbukumbu zake lenyewe huishi kwa kutegemea usalama wa kabati la jirani.

Ni kweli kwamba zipo ramani za dunia nzima, zikiwamo zile za taasisi ya ISRIC ya Uholanzi, zinazoonyesha aina za udongo kwa vipande vya mita 250. Ramani hizo zina manufaa, lakini hutengenezwa kwa hesabu za kompyuta kutokana na mashimo yaliyochimbwa kweli. Mahali pasipo na mashimo, kompyuta hukisia kwa kutazama maeneo yanayofanana. Mwenye kupanga mfereji au barabara hawezi kuegemea makisio hayo peke yake.

Swali hili liligeuka kuwa la kisiasa mwaka 2022. Mpango wa kuchimba na kusafisha mito ili maji yaende haraka uliibua mjadala mkali mjini Juba, sambamba na wito wa kufufua Mfereji wa Jonglei. Mfereji huo ulianza kuchimbwa mwaka 1978 kwa lengo la kufika kilomita 360, ukasimamishwa na vita mwishoni mwa 1983 ukiwa umevuka theluthi mbili. Hoja ya waliouunga mkono ni kwamba takriban nusu ya maji yanayoingia katika kinamasi cha Sudd hupotea kwa uvukizaji. Wapinzani, akiwamo Profesa John Akec, wakati huo makamu mkuu wa Chuo Kikuu cha Juba, walionya kwamba kukausha kinamasi kungeharibu malisho, uvuvi na hata mvua. Julai mwaka huo Rais Salva Kiir alisitisha uchimbaji hadi tafiti zifanyike.

Kila upande katika mjadala huo una jambo la kujifunza kutoka kwa udongo. Nyanda za mfinyanzi zikinyimwa maji ya msimu hukauka na kupasuka. Zikipewa maji bila njia ya kutokea huzama kwa miaka. Ni wapi pa kuchimba, ni wapi pa kuacha, na ni wapi pa kuwahamishia watu, ni maswali yanayohitaji vipimo vya mahali kwa mahali.

Mifano ya nchi nyingine inaonyesha kwamba udongo mweusi si laana. Mradi wa umwagiliaji wa Gezira, uliofunguliwa mwaka 1925, ulinufaika na tabia ileile inayoisumbua Bentiu: mfinyanzi wake hauvujishi maji, hivyo mifereji haikuhitaji saruji. Mashamba ya mpunga ya Mwea nchini Kenya yako kwa sehemu kubwa juu ya udongo wa aina hii. Katika nyanda za Darling Downs, Queensland, wakulima wa Australia huvuna mtama na pamba humo. Nako Renk, mashamba makubwa ya mtama yamekuwapo kwa miongo mingi. Kinachotofautisha neema na maafa ni kuujua udongo na kuuheshimu: kulima siku ambazo si mgumu mno wala si tope, kuinua matuta ya kupandia, kufungua njia za maji, na barabarani kuuondoa au kuuchanganya na chokaa kabla ya kumwaga moramu.

Suala hili linawagusa hata Wasudan Kusini walio ughaibuni. Wengi wao hutuma fedha za kujenga nyumba ya wazazi au duka la familia. Nyumba iliyosimamishwa bila kuangalia kilicho chini yake huanza kupasuka kuta misimu michache baadaye, na fundi akalaumiwa kwa kosa ambalo shimo moja la uchunguzi lingelifichua.

Gharama ya kupata taarifa hizo si kubwa ikilinganishwa na bei ya kilomita chache za lami. Kunahitajika maabara inayofanya kazi mjini Juba, vituo vya mvua vinavyosomwa kila siku, vijana wa chuo kikuu wenye koleo na daftari, na hifadhi ya kumbukumbu itakayodumu serikali zikibadilika. Agizo la 2022 lilitaka tafiti zitangulie mashine. Tafiti hizo zitakuwa na uzito iwapo zitaanzia shimoni, pale ambapo mpimaji anaweza kuuona udongo huo na kuushika mkononi.