Mchezaji Akisema Anaumwa, Aaminiwe Kabla Hajaanguka

Ndugu vijana, na ninyi kaka na dada mnaofanya kazi na sisi kwenye mashirika, tunaomba dakika zenu chache. Leo hatuandiki juu ya Mazembe wala juu ya Simba na Yanga. Tunaandika juu ya mtu aliyecheza besiboli kule Marekani, mchezo ambao wengi wetu hatujawahi hata kuugusa. Jina lake J.R. Richard. Wenzetu waliohamishiwa Houston ndio walitutumia habari zake, na tangu tuzisome hatujatulia.

Kwa asiyejua besiboli: kuna mtu anasimama katikati ya uwanja, anarusha mpira mdogo mgumu kwa nguvu zake zote. Mpinzani anasimama mbele yake na gongo la mbao, anajaribu kuupiga. Akishindwa mara tatu, ametoka. Yule mrushaji ndiye roho ya timu. Ni kama golikipa na mfungaji wamewekwa ndani ya mtu mmoja.

Richard alizaliwa Louisiana mwaka 1950, kijana mweusi, mrefu kupita mita mbili. Mechi yake ya kwanza na Houston Astros, mwaka 1971, alitoa wapigaji 15. Mwaka 1978 alitoa 303. Mwaka 1979 alitoa 313. Mpira wake ulikuwa unakwenda karibu kilomita 160 kwa saa, na wapigaji wakubwa walikuwa wanamwogopa waziwazi. Tarehe 8 Julai 1980 alichaguliwa kuanza kwenye mechi ya nyota kule Los Angeles. Wakati huo ni wachache sana duniani waliorusha kama yeye.

Sasa sikilizeni vizuri. Msimu huohuo alikuwa anasema mkono umechoka. Alisema bega linakaza, mkono umekuwa kama umekufa. Alitoka kwenye mechi kabla ya muda. Na watu walijibu nini? Magazeti yakaandika kwamba ni mvivu. Wengine wakasema ana wivu, kwa sababu timu ilikuwa imemsajili Nolan Ryan, mzungu, kwa dola milioni 1 kwa mwaka. Wengine wakanong'ona mambo ya madawa ya kulevya. Mtu anasema naumwa, jiji zima linatafuta ana siri gani.

Mwezi huohuo wa Julai alipelekwa hospitali, wakakuta mshipa wa damu wa mkono umeziba. Waliamua hakuna haja ya kumpasua wakati ule, akaruhusiwa kufanya mazoezi kidogo. Tarehe 30 Julai, siku 22 tu baada ya ile mechi ya nyota, alikuwa anarusha mpira taratibu ndani ya uwanja wa Astrodome. Akaanguka. Kiharusi. Upande wa kushoto ukapooza, akakimbizwa kupasuliwa usiku huohuo. Alikuwa na miaka 30.

Hakurudi tena kwenye ligi kuu. Alijaribu kwenye timu za chini, mwili ukakataa, mwaka 1984 timu ikamwachia. Pesa zikaisha, ndoa zikavunjika, na katikati ya miaka ya 1990 huyu mtu aliyewatetemesha wapigaji wa Marekani alikuwa analala chini ya daraja la barabara, mjini humohumo Houston. Kanisa ndilo lilimshika mkono akasimama tena, na baadaye akawa anahubiri. Mwaka 2019 timu ikaliingiza jina lake kwenye ukumbi wake wa heshima. Agosti 2021 akafariki.

Mpaka leo mashabiki wa Houston wakimtaja wanasikitika. Wanasema angekuwa mkubwa kuliko wote. Wanahesabu zile 303 na 313, wanasema lau asingeanguka. Sisi hatuwazuii kulia. Lakini tunauliza: Julai 1980 masikitiko hayo yalikuwa wapi? Kumkumbuka mtu baada ya miaka 40 hakugharimu kitu. Kumwamini siku ile kungegharimu mechi tatu nne za msimu, na hiyo bei wengi hawakutaka kuilipa. Tena msimu ule Astros walishinda kundi lao kwa mara ya kwanza, wakaenda kutolewa na Philadelphia bila yeye.

Mtatuuliza, hayo yanatuhusu nini huku tunakopanga foleni ya rasheni? Yanatuhusu sana.

Nendeni uwanjani kwetu jioni yoyote. Kijana akikaa chini ameshika goti, mtasikia sauti pembeni ya uwanja: "Inuka wewe, acha kudeka!" "Anaogopa tu huyo!" Na huku kambini kuna neno moja ambalo Houston hawakuwa nalo. Mtu akienda mara ya pili na ya tatu kulalamika kwamba goti au mgongo unamsumbua, anaambiwa eti anatafuta kesi ya kwenda ng'ambo. Yaani maumivu ya mkimbizi lazima yawe na mpango ndani yake. Mwenyeji akiumwa, ni mgonjwa. Sisi tukiumwa, ni wajanja.

Tunamjua kijana mmoja, jina hatulitaji kwa heshima yake. Winga, mguu wa kushoto, alikuwa akigusa mpira hata akina mama waliokuwa bombani wanageuka. Goti lilivimba wiki moja kabla ya fainali. Alisema. Alipewa vidonge vya maumivu na bandeji, akaambiwa timu inamtegemea. Alicheza dakika 20. Leo anatembea na fimbo, anachajisha watu simu. Mpaka sasa hakuna daktari wa mifupa aliyewahi kumwangalia lile goti, kwa sababu rufaa haijatoka. Kila siku ya mashindano watu wanamsalimia, "Mzee, ulikuwa hatari wewe!" Anacheka. Sisi tunaokaa naye tunajua anavyonyamaza wakishaondoka.

Kuna watakaotujibu kwamba wapo wanaojifanya kweli. Sawa, wapo. Hesabu basi pamoja na sisi. Ukimwamini anayejifanya, umepoteza nini? Mechi moja, na nafasi moja kwenye foleni ya kliniki. Usipomwamini anayesema kweli, umepoteza mguu wa mtu, na kazi yake, na pengine ndoa yake. Hizo hasara mbili hazilingani. Mtu mwenye akili akikosa uhakika anachagua hasara ndogo.

Wengine watasema hata Richard alipimwa na madaktari wa nchi tajiri na bado akaanguka, sembuse sisi wenye kliniki ya turubai. Ni kweli, daktari anaweza kukosea, wala hatukuja hapa kuwahukumu wa mwaka 1980. Ila zile kelele za uvivu na wivu hazikutoka kwenye mashine ya hospitali. Zilitoka midomoni mwa watu, na kunyamaza hakuhitaji vifaa. Hilo hata kambi maskini kuliko zote inaliweza.

Ndugu zetu wa mashirika, tunawaheshimu, na tunajua bajeti zinakatwa kila mwaka. Lakini kila tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi, tunaona jezi mpya, kombe linang'aa, mabango, na kamera za kutosha. Mpira unachezwa ili picha zipatikane, kwamba vijana wana amani na matumaini. Kijana akivunjika kwenye mpira huohuo, anakuwa si wa mradi tena. Anaambiwa aende kupanga foleni kama wengine. Kama mguu wake ni mzuri kwa ripoti yenu, basi mguu huo uwe wenu hata ukiumia.

Tunachoomba si kikubwa. Kwanza, mchezaji akisema anaumwa, atoke, na asirudi mpaka mhudumu wa afya amwone. Kocha, nahodha wala mfadhili asiwe na ruhusa ya kubishana na hilo. Pili, kwenye bajeti ya kila mashindano, usafiri wa kumpeleka majeruhi hospitali uandikwe kabla ya jezi. Pesa zikibana, tucheze na fulana za zamani, hakuna atakayekufa. Tatu, kila timu iwe na daftari: tarehe, nani kalalamika, wapi panauma, nani kaambiwa. Daftari la shilingi chache litamsaidia mtu kwenye rufaa kuliko maneno ya mashahidi wanaosahau. Nne, aliyeumia asitupwe. Awe mwamuzi, afundishe watoto, atunze vifaa, apate ile posho ndogo wanayopata wengine. Richard alikaa chini ya daraja ndani ya jiji lililojaa watu waliowahi kumshangilia.

Na ninyi vijana wenzetu mnaosimama pembeni ya mstari, hili ni lenu, halisubiri mfadhili. Jumamosi kuna mechi. Mwenzako akikaa chini, usimwite mvivu. Ingia, mshike bega, muulize panauma wapi. Kisha mtoe nje ya uwanja.