Kifundo cha mguu: tujue kwa nini kinateguka tukishuka



Mvua zimerudi hapa Bukavu, na njia za kushuka kutoka soko la Kadutu zimeanza tena kuteleza. Juma hili tuongee juu ya kifundo cha mguu, kwa sababu mama akiteguka, chungu cha nyumbani nacho kinasimama.

Tuanze na kukishika. Vua kambambili, kaa chini, gusa pande mbili za kifundo. Utapata nundu mbili za mfupa. Ile ya ndani ni mwisho wa mfupa mkubwa wa muundi. Ile ya nje ni mwisho wa mfupa mwembamba unaoshuka kando yake. Angalia vizuri: ya nje inashuka chini kuliko ya ndani. Kwa hiyo upande wa nje una ukuta mrefu wa mfupa, na wayo haupinduki kwa urahisi kuelekea huko. Kuelekea ndani ukuta ni mfupi, na ndiyo sababu mara nyingi wayo unapinduka kuelekea ndani.

Katikati ya nundu hizo umekaa mfupa mmoja ambao waganga wanauita talusi. Uzito wote wa mwili, pamoja na mtoto mgongoni na mzigo wa kamba kwenye paji la uso, unapita juu yake. Lakini hakuna msuli hata mmoja ulioshikamana nao. Unashikwa na mifupa jirani na kano, zile nyuzi ngumu zinazofunga mfupa kwa mfupa. Upande wa ndani kano ni pana na yenye nguvu. Upande wa nje ziko tatu, nyembamba zaidi, na ile ya mbele ndiyo inayochanika mara nyingi kuliko zote.

Sasa tuone mwendo. Kifundo kinafanya kazi kama bawaba ya mlango: wayo unapanda na kushuka. Kule kugeuka ndani na nje kunafanyika zaidi katika kiungo kingine, chini ya talusi.

Na hapa ndipo penye siri. Talusi ni pana mbele, nyembamba nyuma. Ukiinua vidole juu, sehemu pana inaingia kati ya nundu mbili na kukazwa kama kabari. Kifundo kinakuwa imara. Ukielekeza vidole chini, inabaki sehemu nyembamba, na kifundo kinalegea. Basi fikiri mama anaposhuka mlima: vidole vinatangulia chini, tope linateleza, mzigo unasukuma kutoka nyuma. Anateguka saa ile ile ambayo kifundo kimelegea.

Sisi wenyewe yalitupata mwaka jana. Tulijifunza mifupa hii tukiwa taasisi ya ualimu, na tunaifundisha watoto ubaoni. Lakini tulipoteguka, jioni ile ile tulikubali kukandwa kwa nguvu na mafuta ya moto, maana kila mtu alisema ndiyo dawa. Asubuhi mguu ulikuwa umevimba mara mbili. Siku ya tano, picha ya mifupa ilionyesha kwamba ncha ya mfupa wa nje imepasuka. Tulikuwa tumekandwa juu ya mfupa uliovunjika. Majuma sita tulifundisha tumekaa kwenye kiti.

Kwa hiyo, mama, ukiteguka:

Siku 2 au 3 za kwanza usikandwe, usiweke kitu cha moto. Pumzisha mguu, uinue juu ya mto. Weka kitambaa cha maji baridi dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku. Funga kwa bandeji au kipande cha kitenge, lakini vidole vikifa ganzi au vikibadilika rangi, legeza mara moja.

Nenda kituo cha afya bila kungoja kama huwezi kutembea hatua 4, kama ukibonyeza nundu yenyewe unasikia uchungu mkali, au kama mguu umepinda. Mtoto naye asiambiwe tu «itapona». Mifupa yake bado ina sehemu laini za kukulia, na mara nyingine hizo zinavunjika kabla kano haijachanika.

Maumivu yakipungua, usikae tu. Andika herufi hewani kwa kidole kikubwa cha mguu, A mpaka Z. Baadaye shika ukuta, simama kwa mguu mmoja sekunde 30. Kifundo kilichoteguka kinasahau kujisawazisha. Kisipofundishwa tena, kitateguka mara ya pili.

Njiani, tushuke kwa hatua fupi, magoti yakunjwe kidogo, tukipinda kushoto na kulia badala ya kunyoosha moja kwa moja. Kwenye tope, kiatu kinachofunga kisigino ni bora kuliko kambambili. Mzigo mkubwa tuugawe mara mbili, wanaoweza.

Kazi ya kikundi: kwenye mkutano ujao kila mama amwonyeshe mwenzake nundu mbili, na tuhesabu ni wangapi kati yetu wamekwisha kuteguka na kukandwa siku ile ile. Mtuletee hesabu hiyo, tutairudilia hapa.

Mbaki na amani, na mshuke polepole.