Pete ya Nyumbani Isitudanganye

Mcheza kwao hutuzwa, ndivyo walivyonena wahenga. Mimi nilicheza kwetu mwaka mzima, tena kwa bidii ya mchwa, lakini siku ya kutuzwa ilipofika niliambulia aibu. Wapenzi wasomaji, hebu niwaeleze yaliyonisibu ili wenzangu mnaocheza netiboli, au mpira wa pete kama wanavyouita majirani zetu wa Tanzania, msije mkatumbukia katika shimo lile lile.

Mwaka jana nilipewa kuvaa herufi GA katika timu ya shule. Kama mjuavyo, kati ya wachezaji 7 wa timu ni wawili tu, GS na GA, wanaoruhusiwa kufunga mabao. Sisi tukikosa, hakuna mwingine wa kutuokoa. Kwa vile mimi ni mwanafunzi wa kutwa na kengele ya jioni ikilia lazima nikimbilie matatu, niliamua kufanyia mazoezi nyumbani. Nilimwomba kaka yangu anitengenezee pete. Naye, bila kusita, alichukua ringi ya baiskeli kuukuu, akaitoa spoki zote na kuipigilia kwenye mparachichi ulio nyuma ya nyumba.

Jamani, nilifunga! Kila jioni kabla ya kuteka maji nilirusha mipira kumi na yote kumi ikaingia. Watoto wa ploti walinipigia makofi nikavimba kichwa. Nikajiona hakuna wa kunishinda.

Basi siku ya mashindano ikawadia. Nilirusha mara 11, nikafunga mabao 3 tu. Mipira mingine iligonga chuma ikarudi, mingine haikufika kabisa. Tulishindwa kwa mabao 2. Ndani ya basi hakuna aliyenilaumu kwa mdomo, lakini macho nayo husema. Nilitazama nje ya dirisha mpaka tukafika.

Kesho yake nilimwendea mwalimu wetu wa michezo nikamwuliza, "Mwalimu, mbona nyumbani ninafunga yote na uwanjani ninakosa?" Hakunijibu. Aliniuliza swali lake: "Hiyo pete yenu ya nyumbani mliipima?" Nilibaki nimeduwaa. Jioni ile nilichukua tepu ya mjomba, ambaye ni mwashi, nikapima. Loo! Pete halali ya netiboli iko mita 3.05 kutoka ardhini. Yangu ilikuwa mita 2.4. Upana wa ndani wa pete halali ni milimita 380, yaani sentimita 38. Ringi ya baiskeli ilikuwa karibu sentimita 60. Mpira wenyewe una mzingo wa sentimita 69 hadi 71, kwa hivyo upana wake ni kama sentimita 22. Katika pete halali, mpira ukipita katikati kabisa unabakiwa na nafasi ya sentimita 8 tu kila upande. Katika ringi yangu ulibakiwa na 19. Hata aliyefumba macho angefunga!

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba sikuwa nimekosa bidii. Bidii nilikuwa nayo tele, lakini kila jioni nilikuwa nikiufunza mkono wangu uwongo. Ndiyo sababu maoni yangu ni haya: anayetafuta pete ya mazoezi ya nyumbani, kabla hajauliza bei, aulize kwanza kama pete hiyo itamwambia ukweli.

Jambo la kwanza ni kimo. Wako watakaosema kwamba tofauti ya sentimita 65 ni kitu kidogo. Si kidogo hata chembe. Pete ikiwa chini, unaweza kuutupa mpira moja kwa moja ukaingia. Pete ikiwa juu, sharti mpira upande, uipite pete, kisha uteremke ndani yake kutoka juu. Magoti lazima yakunjwe na kifundo cha mkono kifanye kazi. Huo ni mtupo mwingine kabisa. Kwa wadogo zetu wa shule za msingi, nguzo inayoongezwa urefu kidogo kidogo ni nzuri. Lakini sisi wa sekondari tusijibembeleze.

Jambo la pili ni pete yenyewe. Isiwe ringi, isiwe mdomo wa ndoo, na tena isiwe pete ya mpira wa kikapu. Najua wengi hudhani pete hizo mbili ni sawa kwa sababu kimo chake ni kimoja. Pete ya kikapu ina upana wa sentimita 45, na nyuma yake kuna ubao. Netiboli haina ubao. Aliyezoea kugongesha mpira ubaoni, siku ya mashindano mpira wake utaruka nyuma ya nguzo na kuokotwa na watazamaji. Isitoshe, pete ya netiboli haikugandishwa kwenye nguzo. Kati ya nguzo na pete pana nafasi ya sentimita 15. Fundi asipoambiwa hivyo ataibandika papo hapo, na ninyi mtakuwa mmeharibu chuma na pesa.

Jambo la tatu ni kitako, na hapa ndipo wengi huteleza. Sisi tunaoishi katika nyumba za kupanga hatuwezi kuchimba shimo. Mwenye ploti alipoombwa na mamangu alisema waziwazi, "Mama, shimo katika ua wangu? Hapana, hiyo hapana." Kwa hivyo nguzo ni sharti iwe ya kuhamishwa. Kwanza tulijaza saruji katika tairi kuukuu la gari, tukasimamisha bomba katikati. Lilisimama kweli, lakini nusu ya tairi ilichomoza mbele, chini ya pete, mahali hasa anaposimama mfungaji. Rafiki yangu alirudi nyuma hatua moja akajikwaa, akateguka kifundo cha mguu, akachechemea wiki mbili. Baadaye nilijua kwamba hata sheria za mchezo zinakubali nguzo yenye kitako cha chuma, mradi kitako hicho kisijitokeze ndani ya uwanja.

Mwishowe fundi wa jua kali alituchomelea kitako chenye umbo la herufi T. Mkono mfupi umelala chini ya nguzo, kulia na kushoto, na mkono mrefu unaelekea nyuma. Juu ya ule mkono wa nyuma tunaweka magunia mawili ya mchanga. Waliosoma fizikia watanielewa upesi: pete inavuta nguzo mbele, mchanga unaivuta nyuma. Bomba lenyewe ni vipande viwili vinavyoingiana na kufungwa kwa bolti. Jioni ikiisha tunafungua, tunaegemeza ukutani, na mwenye ploti akipita haoni kitu cha kugombea. Kabla ya kucheza nasimamisha nguzo kwa timazi ya mjomba, kisha napima kimo, maana ua wetu una mteremko.

Sasa najua kuna watakaonipinga. Wa kwanza atasema, "Wewe, mambo hayo ni ya matajiri." Si kweli. Hatukununua nguzo mpya dukani. Mabomba yalikuwa vyuma chakavu, na malipo ya fundi tulichanga wasichana wanne wa mtaa mmoja, haba na haba, kwa muda wa mihula miwili. Isitoshe, ringi ya bure ndiyo iliyonigharimu zaidi. Rahisi ni ghali.

Wa pili atasema kwamba zamani watu walitumia chochote wakawa mabingwa. Ni kweli kwamba mwaka 1891 huko Springfield, Marekani, James Naismith alipoanzisha mpira wa kikapu alitundika vikapu vya kubebea matunda, na netiboli ilizaliwa kutokana na mchezo huo. Lakini siku zile kila mtu alirusha katika vikapu vile vile, nyumbani na mashindanoni. Ubaya hauko katika kikapu cha matunda. Ubaya ni kufanya mazoezi kwa kipimo kimoja na kutahiniwa kwa kingine.

Wa tatu, na huyu ni mamangu mzazi, aliuliza kwa nini tusitumie uwanja wa shule. Mama, heshima zako. Wenzetu wa bweni wana uwanja huo mpaka jua litue. Sisi wa kutwa tukichelewa, nauli inapanda na giza linatukuta njiani, na msichana hapaswi kukutwa na giza njiani. Nusu saa ya mwanga tuliyo nayo iko nyumbani, kati ya kufika na kuwasha jiko. Nusu saa hiyo ni fupi mno kuitumia kujifunza makosa.

Ndiyo maana naomba shule yetu ifikirie jambo moja. Karakana yetu ina mashine ya kuchomelea, na wanafunzi wanafunzwa kuitumia. Kwa nini wasitengeneze nguzo mbili au tatu za kuhamishwa, zenye vipimo halali, zikawekwa stoo na kuazimwa na wanafunzi wa kutwa kwa zamu, hasa wakati wa likizo? Vitabu vya maktaba tunaazimwa na kuvirudisha. Nguzo nayo itarudi.

Nakamilisha kwa kusema ukweli wangu wa sasa. Tangu tupate nguzo halali, sifungi tena kumi kwa kumi. Mwanzoni nilifunga mbili, nikalia. Leo nafunga sita, siku njema saba. Watoto wa ploti hawapigi makofi tena, wanasema nimeharibika! Niacheni niharibike hivyo hivyo. Sita hizi nikienda nazo uwanjani nitazikuta huko huko. Zile kumi ziliniacha mlangoni.