Kisanduku Kifuate Neno: Mchoro wa Maji ya Merti

Kuanzia maeneo ya Merti, katika Kaunti ya Isiolo, kuna hifadhi kubwa ya maji ya chini ya ardhi iliyopewa jina la mji huo. Hifadhi hiyo inaenea mashariki kupitia Habaswein na Dadaab hadi Somalia. Sehemu yake ya kati ina maji matamu. Pembezoni maji ni ya chumvi. Kwa mfugaji anayesubiri kisima kichimbwe, tofauti hiyo si suala la kitaaluma tu, bali ni uhai wa mifugo yake. Mchoro unaomweleza jambo hilo kwa Kiswahili hauna budi kusomeka.

Mwanafunzi anayechora kwa LaTeX, akitumia kifurushi cha TikZ alichokibuni Till Tantau, hushawishika kuchukua kiolezo cha Kiingereza na kupachika maneno ya Kiswahili katika visanduku vilevile. Hilo ni kosa. Kiswahili ni lugha ambishi: neno "yaliyohifadhiwa" pekee lina herufi 15. Kisanduku kisichowekewa kipimo hutanuka kadiri ya maneno yake, kikamfunika jirani. Amri ya "minimum width" haizuii jambo hilo, kwani hutaja upana wa chini kabisa, si ukomo. Amri ifaayo ni "text width", ambayo huyakata maandishi kuwa mistari na kukiacha kisanduku kiongezeke kimo.

Aidha, mahali pa kisanduku pahusishwe na kisanduku jirani, si nambari za karatasini. Maktaba ya "positioning" huwezesha hilo. Amri ya "right=of" hupima nafasi kutoka ukingo hadi ukingo, ilhali mtindo wa zamani wa "right of=" hupima kutoka kitovu hadi kitovu, hata visanduku vipana vikagongana.

Yamkini wapo watakaodai kwamba ni rahisi zaidi kupunguza ukubwa wa herufi. Hoja hiyo haina mashiko. Kupunguza herufi ni kumtwisha msomaji mzigo wa mchoraji. Tena hukifanya Kiswahili kionekane hakienei katika sayansi, ilhali kisichotosha ni kisanduku.

Rangi nayo isiaminiwe peke yake. Buluu ya maji matamu na nyekundu ya maji ya chumvi, zikipitia mashine ya kunakili kwa nyeusi na nyeupe, huweza kuwa kijivu kimoja. Kila kisanduku kitaje kwa maneno aina ya maji yake.

Wahenga walinena kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Vyama vya Kiswahili vyuoni vimedai kwa muda mrefu kwamba lugha hii itumike katika sayansi. Basi na viandae violezo vya michoro vilivyopimwa kwa maneno ya Kiswahili, ili mwanafunzi atokaye Merti aweze kuwachorea wazee wake maji yaliyo chini ya nyayo zao, nao wakayasoma.